Mtungi Uliolala

Mtungi wa gesi wa jikoni husimama. Wa foklifti hulala. Anayejua kwa nini ameshaelewa nusu ya kazi ya mafundi wanaohudumia foklifti za propani katika maghala ya Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto, na ndio ninaotaka kuwasifu hapa.

Jikoni, iwe Tanga au Kisumu, tunachoma mvuke uliojikusanya juu ya mtungi. Injini ya foklifti haishibi mvuke huo, hasa katika baridi ya Januari, kwa hiyo huvuta propani ingali kimiminika. Kola ya mtungi ina tundu, na kitako chake kwenye mashine kina pini. Pini ikiingia tunduni, valvu ya usalama hukaa juu, penye mvuke. Mtungi ukilazwa kombo, valvu hiyo ikifunguka kwa joto itamwaga kimiminika, na lita moja yake hugeuka takriban lita 270 za gesi iliyo nzito kuliko hewa. Gesi hiyo haipai. Hutambaa sakafuni hadi ikutane na shimo au cheche. Pini ndogo namna hiyo! Fundi huikagua kabla ya kugusa spana.

Hatua inayofuata ndiyo niipendayo zaidi. Mashine huwekwa penye hewa ya kutosha, valvu ya mtungi hufungwa, kisha injini huachwa ingurume hadi izimike yenyewe kwa kukosa gesi. Hapo ndipo fundi hulegeza kiungo, polepole, glavu zikiwa mkononi, maana propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na tone lililosalia linatosha kuunguza ngozi kwa baridi.

Baadaye huja chujio, na valvu inayopaswa kukata gesi injini inapozimika. Kisha kigeuza-mvuke, kinachopashwa moto na maji ya rejeta. Kikiota barafu, fundi hakimbilii kukibadilisha. Hutazama kwanza kama maji yamepungua au hayazunguki. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachokakamaa kwa umri, na mafuta mazito ambayo propani huyaacha nyuma. Mwisho, kila kiungo hupakwa povu la sabuni. Harufu ya gesi imetiwa makusudi ili ituamshe, lakini pua huzoea; povu halizoei.

Kwetu tunamhusudu fundi anayerekebisha injini kwa sikio. Mimi pia namhusudu, ila si ndani ya ghala lililofungwa milango wakati wa theluji. Mchanganyiko ukizidi gesi, moshi hujaa monoksaidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na injini yaweza kuendelea kuunguruma vizuri tu. Fundi wa kweli hupima moshi kwa kifaa.

Ontario humdai cheti mtu wa kazi hii, na mamlaka ya usalama, TSSA, ndiyo inayosimamia. Toronto yenyewe haijasahau tarehe 10 Agosti 2008, kituo cha Sunrise Propane kilipolipuka eneo la Downsview, watu wawili wakafa na maelfu wakahamishwa usiku. Nairobi nayo ina Embakasi, ulikotokea mlipuko usiku wa tarehe 1 Februari 2024, kwenye kituo cha gesi kisicho na kibali. Anayeona cheti ni urasimu wa Wazungu na aende akawaulize wakazi wa Embakasi.

Nawe unayeendesha foklifti, soma tarehe iliyogongwa kwenye mtungi, kwani Kanada huukagua upya kila baada ya miaka 10. Ukinusa gesi, zima injini, funga valvu ya mtungi, usiwashe wala kuzima taa, waondoe watu, kisha mwite fundi mwenye cheti.