Mguu Hustaafu Kabla ya Ngumi

Kila bondia mzee wa uzito wa juu anapopigwa, ubishi huwa uleule. Upande mmoja husema amekwisha, aende nyumbani akalee wajukuu. Upande wa pili hujibu kwa methali: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mara nyingi methali hii hushinda, maana ni tamu na ina heshima ndani yake. Lakini mwenye kuitoa husahau jambo moja. Koleo ni chombo tu. Kikivunjika hutafutwa kingine. Methali haikusema lolote juu ya siku ile mkono wa mhunzi mwenyewe unapoanza kutetemeka.

Hoja yangu ni kwamba kushindwa peke yake si kipimo cha uzee wa bondia. Kuna kushindwa kunakovunja koleo, na kuna kushindwa kunakofichua mkono. Tena, na hili ndilo washabiki hatupendi kulisikia, upo na ushindi unaofichua mkono vilevile, ila makofi yetu hutuziba macho.

Tumtazame Muhammad Ali. Alipopanda ulingoni Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa na umri wa miaka 32. Alikwisha kushindwa na Joe Frazier mwaka 1971, na mwaka 1973 Ken Norton alimshinda na kumvunja taya. George Foreman, bingwa wa miaka 25, alikuwa amewapiga hao wote wawili, kila mmoja kwa raundi mbili tu. Kwa hesabu ya karatasini Ali hakuwa na lake. Lakini Frazier alimshinda kwa kumbana bila kumpa nafasi, na Norton kwa mtindo wake wa ajabu uliomvurugia ngumi ya kushoto. Hayo yalikuwa maradhi ya koleo, na dawa yake ni mazoezi na akili. Naam, kabla ya kwenda Zaire alikuwa amekwisha warudia wote wawili na kuwashinda. Huko Kinshasa akaegemea kamba, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikawa mizito, na katika raundi ya nane akamwangusha.

Dunia ilishangilia werevu ule, nami naushangilia hadi leo. Hata hivyo, mtazame tena msomaji. Ali aliyemshinda Sonny Liston mwaka 1964 hakuwa mtu wa kuegemea kamba. Alizunguka ulingo mzima, mikono chini, na makonde ya mwenzake yakapita hewani. Miaka kumi baadaye alijua kwamba miguu ile haimbebi tena usiku kucha. Akili ikalipa deni la miguu, lakini aliyetozwa ni mwili: mbavu, figo na kichwa.

Kuanzia hapo ndipo ushindi wake ulipoanza kutudanganya. Manila, mwaka 1975, alimshinda Frazier baada ya raundi 14 za mateso kwa wote wawili. Septemba 1977 alimshinda Earnie Shavers, mmoja wa wapigaji wazito kupita wote wa zama zake, baada ya raundi 15. Baada ya pambano hilo daktari wake, Ferdie Pacheco, aliona majibu ya vipimo vya figo, akawaandikia waliohusika kwamba mtu huyu aache ngumi. Hakujibiwa, naye akaondoka. Februari 1978 Ali akapokonywa ubingwa na Leon Spinks, kijana mwenye mapambano saba tu ya kulipwa. Septemba akaurudisha, na watu wakasema: si mmeona? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tulimsifu mgema, na maji akayanywa yeye mwenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa miongoni mwa wasifuji. Februari 1980, akiwa amekwisha kustaafu, Ali alifika Dar es Salaam kama mjumbe wa Rais Carter, kuishawishi Tanzania isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona, kwa kuwa hakupendezwa kuletewa bondia kwa shauri la nchi na nchi. Siasa ni siasa, lakini mapenzi ya watu kwa Ali hayakupungua hata chembe. Na mapenzi hayo, popote yalipokuwa duniani, yalikuwa yakimwambia neno moja: rudi.

Alirudi. Tarehe 2 Oktoba 1980, huko Las Vegas, alikutana na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mshirika wake wa mazoezi. Alikuwa na miaka 38. Kwa macho alionekana mzuri, amepungua tumbo, nywele nyeusi tii. Uzuri huo ulitokana kwa sehemu na dawa za tezi, zilizomkausha mwili na kumwibia nguvu. Majaji wote watatu walimpa Holmes raundi zote kumi zilizopiganwa, mpaka Angelo Dundee alipolisimamisha pambano kutoka kona ya Ali. Holmes, mshindi, ndiye aliyelia. Mwaka uliofuata, huko Bahamas, Ali akapoteza tena, kwa Trevor Berbick. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Madaktari wamebishana juu ya chanzo chake. Lakini hakuna aliyewahi kudai kwamba makonde ya Shavers na Holmes yalimfaa.

Sasa tumgeukie yule aliyeangushwa Kinshasa. Foreman aliacha ngumi mwaka 1977, akawa mhubiri, akarudi ulingoni mwaka 1987 akiwa mnene na kipara. Tulimcheka. Akashinda mapambano 24 mfululizo, mengi yakiwa dhidi ya wapinzani wepesi, kisha Aprili 1991, akiwa na miaka 42, akapambana na Evander Holyfield aliyekuwa na miaka 28. Alishindwa kwa pointi. Mwaka 1993 akashindwa tena kwa pointi, na Tommy Morrison. Hapo wengi walifunga kitabu.

Ila tazama jinsi alivyoshindwa. Dhidi ya Holyfield alimaliza raundi 12 akiwa wima, na kati ya raundi hakukaa kitini. Kipaji cha Foreman hakikuwa miguuni tangu ujana wake. Kilikuwa mabegani na katika ngumi ya kulia, na nguvu za kupiga huchelewa kuzeeka kuliko wepesi wa kukwepa. Tena uzee ulimfundisha subira ambayo ujanani hakuwa nayo. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alikuwa nyuma kwa pointi kwa majaji wote watatu. Katika raundi ya kumi ngumi hiyo ya kulia ikamwangusha Michael Moorer, na Foreman akawa bingwa mzee kupita wote katika historia ya uzito wa juu. Kaptura aliyovaa ni ileile ya Kinshasa, na katika kona yake alikuwapo Dundee.

Ubaya ni kwamba tangu usiku ule kila bondia mzee hujiita Foreman. Holyfield mwenyewe alipanda ulingoni mwaka 2021 akiwa na miaka 58, akasimamishwa katika raundi ya kwanza. Mike Tyson, ambaye mwaka 2005 aliketi kitini mbele ya Kevin McBride na kukataa kuendelea, alirudi Novemba 2024, naye akiwa na miaka 58, kupambana na Jake Paul wa miaka 27. Alipoteza kwa pointi. Kasi yao ya ujana ndiyo iliyokuwa roho ya mchezo wao, na kasi haina akiba benki.

Kwa hiyo, akiulizwa mtu kama bondia fulani mzee bado anaweza, asikimbilie kuhesabu mara alizoshindwa. Aulize kipaji chake kiliishi wapi, miguuni au mikononi. Aangalie kama makonde yaliyompata yalimfikia kwa hila ya mpinzani, au aliyaona yakija na mwili ukakataa kuondoka. Halafu aulize ni nani katika kona yake anayeweza kusema basi na akasikilizwa. Frazier alikuwa naye Eddie Futch, aliyemzuia kutoka kwa raundi ya 15 kule Manila ilhali macho yake yamevimba hata haoni. Frazier alitaka kuendelea. Futch alikataa.

Sisi watazamaji hatuna ujasiri wa Futch, na si ajabu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunamtaka mzee arudi ili turudi naye miaka ile tulipokuwa vijana, na makonde ya safari hiyo anayapokea yeye peke yake.