Zana Inapojibu kwa Kimya

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alipoamuru madini ya urani ya Shinkolobwe, karibu na mji unaoitwa leo Likasi, yapelekwe New York, zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo ziliwekwa katika ghala la Staten Island, ndani ya mapipa ya chuma yaliyopigwa chapa ya kuarifu kwamba yaliyomo ni madini ya urani na kwamba asili yake ni Kongo ya Wabelgiji. Chapa ile ilikuwa ya kweli, lakini haikutosha; haikusema kwamba madini yale yalikuwa na kiasi cha asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali katika machimbo mengi duniani kiwango hakifiki hata asilimia moja, wala haikutaja hatari ya mnunurisho. Septemba 18, 1942, Luteni Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipofika ofisini kwa Sengier, mapatano ya kuyauza yaliandikwa upesi katika karatasi moja ya manjano, na wote wawili waliyajua yale yaliyoachwa bila kuandikwa. Wachimbaji waliochambua mawe yale kwa mikono hawakuwa na elimu hiyo, na kimya cha maandishi kiliwaangukia wao.

Mas'ala haya ya maandishi ya kweli yasiyotosha yamerudi kwa sura mpya katika uundaji wa programu. Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa kazi na kujichagulia zana za kuitimiza, aghalabu haoni msimbo uliomo ndani ya zana. Huona jina lake, maelezo yake, na umbo la taarifa anazotakiwa kuingiza. Ndivyo ilivyopangwa katika Model Context Protocol, kanuni iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Mhandisi akitatizwa na ibara fupi humwuliza mwenzake. Wakala, asipopata bayana, hukisia, kisha huendelea na kazi kana kwamba ana yakini.

Tuchukue mfano wa zana ya kutafuta leseni za madini kwa kupewa latitudo na longitudo ya mahali, ambayo mwandishi wake ameridhika kusema hivyo tu. Shinkolobwe iko takriban nyuzi 11.05 kusini na 26.55 mashariki. Kama waraka wa zana, yaani maelezo yake, haukubainisha kwamba kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, wakala aweza kupeleka 11.05 bila alama, na swali la Shinkolobwe likaulizwa juu ya ardhi ya Darfur, Sudan. Na kama haukubainisha kwamba latitudo hutangulia, tarakimu zilizo sahihi zikipinduliwa zitaangukia Sahara Magharibi. Katika hali zote mbili zana haitatoa onyo lolote, maana namba hizo ni halali. Dawa yake ni sentensi moja: latitudo kwanza, kwa nyuzi za desimali, kusini kwa alama ya kutoa, na baada yake mfano kamili, -11.05, 26.55.

Lakini hatari kubwa zaidi imo katika jibu tupu. Zana isipokuta leseni hurudisha orodha isiyo na kitu, na wakala aliyeagizwa kutafuta ardhi isiyo na mwenyewe aweza kukata shauri kwamba ardhi ile ni huru. Ilhali Shinkolobwe ilifungwa kwa wachimbaji wadogo kwa amri ya rais ya Januari 28, 2004. Julai mwaka ule ule machimbo yakaporomoka na kuua watu, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokwenda baadaye ukathibitisha kwamba mahali pale pangali na hatari ya kuporomoka. Ardhi iliyokatazwa na ardhi isiyoombwa na mtu zitaonekana sawa katika orodha tupu. Kwa hiyo sharti waraka useme wazi: jibu tupu maana yake hakuna leseni katika daftari hili, wala si idhini ya kuchimba, makatazo hayamo humu, yatafutwe kwingine.

Hali kadhalika waraka utaje lini zana isitumiwe, kama inasoma tu au inabadili kitu, na kama jina la mahali likiandikwa Chinkolobwe litatambuliwa. Ujumbe wa kosa nao usiishie kusema kwamba ombi limekataliwa, bali ueleze sababu na njia ya kusahihisha.

Hukumu yangu ni kwamba waraka wa zana haupimwi kwa ukweli wa yaliyoandikwa peke yake, bali pia kwa madhara ya yaliyoachwa. Nawasihi waundaji wa programu, kabla ya kumkabidhi wakala zana yoyote, wampe maelezo yake mtu asiyeijua kabisa, wamwulize jibu tupu lina maana gani kwake, na akikosea, wayasahihishe maandishi kwanza.