Mkasi wa Hal Ashby

Kabla hajawa mwongozaji, Hal Ashby alikaa miaka mingi katika vyumba vya uhariri, akikata na kuunga filamu za watu wengine. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar kwa In the Heat of the Night ya mwaka 1967. Alipoongoza Harold and Maude mwaka 1971, filamu yake ya pili, mkono wa mhariri haukumtoka. Vichekesho vya filamu hii ni vichungu kama shubiri, na karibu vyote vinategemea uamuzi mmoja: picha ikae mbele ya macho yetu kwa muda gani.

Harold ni kijana wa miaka kama 20, anayeishi na mama yake katika jumba kubwa huko California. Hakosi kitu ila mtu wa kumsikiliza. Uasi wake hauna kelele: anajifanya amekufa, tena na tena, nyumbani mwao, mbele ya mama yake.

Onyesho la kwanza linastahili kutazamwa taratibu. Viatu vinashuka ngazi. Mikono inaweka santuri, inawasha mishumaa, inaandika karatasi. Hatuharakishwi kumjua mwenye mikono hiyo. Kisha tunaona miguu inaning'inia. Mama anaingia. Mwongozaji mwenye pupa angeisogeza kamera hadi usoni mwake ili atutafsirie kila hisia. Ashby hana pupa. Mama anamtupia mwanawe jicho, anaketi, anainua simu na kushughulikia miadi yake, huku Harold akijikohoza na kukoroma ili walau ageukiwe. Anapotoka, anamkumbusha saa ya chakula cha jioni. Kicheko kinakuja kikiwa kimechelewa, na hofu bado imekikalia kooni, kwa kuwa tulipewa muda wa kutosha kuamini msiba kabla ya kuambiwa kwamba humu ndani ni mambo ya kila siku.

Vivian Pickles anayemwigiza mama huyo hamfanyi kuwa katili hata mara moja. Ni mwanamke mwenye ratiba. Anapoamua kumtafutia kijana mchumba kupitia wakala anayetumia kompyuta, anamsomea maswali ya fomu kisha anayajibu mwenyewe, na baada ya muda majibu ni maoni yake yeye, wala si ya Harold. Wakati huo Harold, kimya kabisa, anatia risasi kwenye bastola. Mama hainui macho kutoka kwenye karatasi. Sauti yake tulivu inaendelea kupita juu ya picha ya mikono ya mwanawe, na tunacheka tukiwa tumekaza meno.

Halafu kuna lile tazamo. Msichana wa kwanza aliyeletwa ametimua mbio baada ya kushuhudia kifo kingine cha bandia. Bud Cort, aliyeigiza Harold, anageuza kichwa polepole hadi anatutazama sisi, na tabasamu dogo linamjia. Kisha anagundua kuwa mama anamwangalia, na tabasamu linafutika. Picha ingekatwa mapema kidogo, tusingejua kwamba kijana huyu anahitaji shahidi.

Shahidi wake wa kweli ni Maude, bibi anayekaribia kutimiza miaka 80, aliyeigizwa na Ruth Gordon. Wanakutana kwenye mazishi ya watu wasiowajua. Maude huiba magari, huokoa mti uliokuwa ukifa mjini, hupenda kila kinachoota. Jua likizama wameketi pamoja, Harold amemshika mkono, na kamera inatuonyesha namba iliyochanjwa ndani ya mkono wa Maude. Ni namba za kambi za mauaji za Wanazi. Picha inapita upesi mno. Hakuna anayeitaja, wala hairudi tena. Kwangu hapa ndipo ufundi wa Ashby ulipofika kileleni: mtu aliyeweza kungoja dakika nzima kwa ajili ya kicheko anaipa huzuni hii kubwa kufumba na kufumbua tu, na kuanzia hapo kila furaha ya Maude ina uzito mwingine.

Si kila sehemu imepimwa hivyo. Mjomba Victor, afisa wa jeshi mwenye mkono mtupu wa shati unaopiga saluti kwa kuvutwa kamba, amechorwa kwa brashi nene mno. Lakini karibu na mwisho mizani inarudi: safari ya hospitali, kungoja kwenye korido, na gari likienda kasi katika mvua vinasukwa pamoja juu ya wimbo wa Cat Stevens, karibu bila neno. Gari hilo ni Jaguar ambayo Harold alipewa na mama yake, naye akaikata na kuichomelea hadi ikawa gari la kubebea maiti.

Filamu ilipotoka Desemba 1971 iliwachukiza wahakiki wengi na watazamaji hawakuja. Ikaja kupata watu wake taratibu. Katika ukumbi wa Westgate mjini Edina, Minnesota, ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka miwili, na mwaka 1997 ikaingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa Marekani. Anayeitazama mara moja anaweza kabisa kuikosa ile namba mkononi mwa Maude, kwa hiyo siwashangai watu wa Edina waliolipa kiingilio mara ya pili na ya tatu.