Ufundi wa Alfa katika Skini za Mabasi

Uwazi wa picha ni namba. Kila pikseli ya faili ya PNG yenye uwazi hubeba namba nne: ya nyekundu, ya kijani, ya buluu, na ya nne iitwayo alfa. Tatu za kwanza husema rangi ni ipi. Alfa husema rangi hiyo ionekane kwa kiasi gani, kuanzia 0, ambapo haionekani kabisa, hadi 255, ambapo inaziba kila kilicho nyuma yake. Wazo hili lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika Taasisi ya Teknolojia ya New York, mikononi mwa Alvy Ray Smith na Ed Catmull. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakachapisha kanuni za kupachika picha moja juu ya nyingine. Kanuni hizohizo ndizo zinazoamua leo kama basi la Meru lililomo ndani ya simu litakuwa na vioo au litakuwa na matundu.

Kampuni ya Maleo ilitoa mchezo wa Bus Simulator Indonesia mwaka 2017, na vijana wa Kenya wamekuwa wakiingiza humo magari ya kwao na kuyapaka rangi wanazoziona barabarani. Aliyekulia Embu au Meru hachori basi kwa kukisia. Ameyaona mabasi tangu utotoni, ya kampuni ya Kensilver na mengine, yakishuka bonde la Thuchi na kupanda kuelekea Chuka. Ndiyo maana jicho lake ni kali, na uzembe mdogo kwenye kioo humkera hata kabla hajajua umetokea wapi.

Skini ni picha bapa inayoonyesha bodi ikiwa imefunuliwa: ubavu huu, ubavu ule, mbele, nyuma na paa, kila kipande mahali pake. Mchezo huikunja juu ya modeli, yaani umbo la basi lenyewe. Sehemu kubwa ya picha hiyo haina swali. Bati ni 255. Mkanda wa manjano, ambao kanuni za Waziri John Michuki ziliufanya wa lazima kwa matatu mwaka 2004, nao ni 255 mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukipenyeza hata kidogo huchanganyika na rangi ya chini na kuwa kama matope.

Kazi huanzia kwenye vioo. Kwa modeli inayosoma alfa ya skini, kioo chenye alfa 0 si kioo tena. Ni dirisha lililong'olewa. Kioo cha giza cha ubavuni hupendeza kikiwa kati ya 90 na 150 hivi, na rangi yake isiwe nyeusi tupu bali nyeusi iliyoegemea kijani au buluu, kama vioo vya kweli vilivyo. Sehemu ya juu ya kioo cha mbele, panapoandikwa jina la gari, hurudi 255 ili herufi zisomeke, kisha giza hufifia taratibu kuteremka hadi kioo safi. Fundi hodari hutambulikana hapo, katika zile pikseli chache za kufifia. Anayekata ghafla kutoka 255 hadi 0 ameweka ubao mbele ya dereva.

Hata hivyo kioo ni chepesi kuliko ukingo. Chukua jina la basi lililoandikwa kwa nyekundu kwenye kioo cha nyuma. Pikseli ya mwisho ya herufi ni (200, 0, 0) yenye alfa 255. Jirani yake aliye nje ya herufi ana alfa 0. Mchoraji haoni kitu pale, hivyo hudhani hapana kitu. Kumbe pikseli isiyoonekana bado ina rangi, na mara nyingi programu imeiachia nyeupe, yaani (255, 255, 255). Basi likitazamwa kwa mbali au kwa upande, mchezo huchanganya pikseli zilizo jirani ili picha isikwaruze macho. Wastani wa hizo mbili ni takriban (227, 127, 127) kwa alfa 127. Hiyo ni rangi ya waridi. Herufi nyekundu imepata pindo la waridi ambalo hakuna mtu aliyelichora. Kama rangi iliyofichika ingekuwa nyeusi, pindo lingekuwa la masizi.

Tiba ya kwanza ni kupaka rangi pale pasipoonekana. Nyekundu ya herufi husambazwa pikseli kadhaa nje ya ukingo huku alfa ikibaki 0 vilevile, kama fundi cherehani anavyoacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Sasa mchezo ukichanganya majirani, nyekundu hukutana na nyekundu, na kinachopungua ni alfa peke yake. Hapa ndipo penye heshima ya kazi hii: muda mrefu hutumika kupaka mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, ili mahali panapoonekana pawe safi. Mwenye GIMP ajue pia kwamba wakati wa kutoa PNG kuna chaguo la kuhifadhi rangi za pikseli zisizoonekana. Lisipowekewa alama, rangi yote iliyopakwa chini hufutwa, na pindo la waridi hurudi lilivyokuwa.

Tiba ya pili imo katika kanuni za Porter na Duff: rangi huzidishwa na alfa kabla ya kuhifadhiwa. Nyekundu hubaki ilivyo, jirani yake huwa (0, 0, 0), na wastani wao ni (100, 0, 0) kwa alfa 127, ambayo ni nyekundu ileile kwa nusu yake. Njia hii ni safi zaidi, ila mchezo lazima uwe umetengenezwa kuisoma, na PNG kwa kanuni zake huhifadhi rangi zisizozidishwa. Mchoraji wa skini hana mamlaka juu ya injini ya mchezo wa wenyewe. Kwa hiyo, kwa kawaida, ni ile tiba ya kwanza inayomwokoa.

Nje ya basi uwazi huchukua sura nyingine. Anayetaka kupanda kando ya barabara migomba ya Embu, michai ya Imenti au mirungi ya Igembe hachongi jani mojamoja. Husimamisha bapa chache zenye picha ya matawi, na mchezo hukata kila pikseli iliyo chini ya kiwango fulani cha alfa, mara nyingi nusu. Juu ya kiwango ni jani. Chini yake ni hewa. Ukataji huu hauhitaji kupanga kipi kichorwe kwanza, lakini una kasoro moja. Kwa mbali mchezo hutumia nakala ndogo za picha, ambamo majani na mianya vimechanganywa. Wastani huanguka chini ya kiwango, na mti hunyonyoka kadiri basi linavyokwenda mbali nao. Mwaka 2010 Ignacio Castaño, aliyekuwa akitengeneza mchezo wa The Witness, alieleza dawa nzuri: alfa ya kila nakala ndogo iongezwe hadi sehemu ya pikseli zinazovuka kiwango ilingane na ile ya picha kubwa.

Ukungu wa asubuhi kwenye miteremko ya Mlima Kenya haukatiki hivyo. Lazima uchanganywe na kilicho nyuma yake, na mchanganyiko hutaka mpangilio: cha mbali kichorwe kwanza, cha karibu mwisho. Mpangilio ukivurugika, kioo cha ubavu wa pili hutoweka kikitazamwa kupitia kioo cha ubavu wa kwanza, na ukungu hupotea ndani ya fremu ya dirisha huku umetanda pande zote.

Baada ya hayo yote, faili inaweza kuharibika njiani. JPEG haina alfa kabisa. GIF ya mwaka 1989 inajua kuonekana na kutoonekana tu. Ubanaji wa picha wa DXT1 nao hutoa ndiyo au hapana, wakati DXT5 huhifadhi kufifia kwa kioo. Kwenye Android, ubanaji wa ETC1 haukuwa na alfa, na ETC2 iliyoileta iliingia rasmi na OpenGL ES 3.0 mwaka 2012. Mtego wa kila siku ni mdogo zaidi: skini ikitumwa kwenye WhatsApp kama picha, hugeuzwa JPEG na vioo vyote huzibwa. Itumwe kama dokumenti, na anayeitengeneza abaki na faili ya awali yenye tabaka zake zote. Alfa iliyopotea hairudi kwa kubadilisha jina la faili. Vioo huchorwa upya kimoja kimoja.