Heko kwa Waliounda Imatinibu
Nawavulia kofia walioipa dunia imatinibu, dawa ya aina moja ya saratani ya damu, lukemia sugu ya mieloidi. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi mno katika seli za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago, ambaye ninamhusudu kuliko wote, alikata picha za kromosomu, akazipanga kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, akagundua kwamba kromosomu ya 9 na ile fupi, ya 22, zimebadilishana vipande. Muungano wa vipande hivyo huzaa protini inayoiamuru seli igawanyike bila kukoma.

Nicholas Lydon na wenzake huko Basel wakaunda kemikali ya kuziba tundu ambamo protini hiyo huchota nishati. Daktari Brian Druker wa Oregon akashikilia kwamba ijaribiwe kwa wagonjwa, na mwaka 1998 ikajaribiwa. Kati ya wagonjwa 54 ambao dawa ya interferoni ilikuwa imeshindwa kuwasaidia, waliopewa angalau miligramu 300 kwa siku, damu ya 53 ilirudi katika hali ya kawaida. Kwa vidonge tu! Marekani iliidhinisha dawa hiyo Mei 2001.