Mikro ya zamani ao mikro ya sasa: sikio linasikia nini?

Bandugu, kama uko na rafiki anayepiga besi, ile mabishano unaijua. Mmoja anasema bila mikro ya miaka ya 60 hakuna sauti. Mwingine anajibu kwamba gita isiyo na batri ni ya wazee. Mimi nimesikiliza pande zote mbili, katika sahani na katika mazoezi, na naona wote wanaisifu mikro kwa kazi ambayo haikufanya peke yake.

Tuelewane kwanza: sisemi mikro ya kuimbia. Nasema kile kipande kiko chini ya nyuzi. Ndani kuko sumaku, na waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka, unasumbua nguvu ya ile sumaku, na kurandi kidogo inazaliwa ndani ya waya. Fender walileta Precision Bass mwaka 1951 na koili moja. Mwaka 1957 waliigawanya mara mbili, kila nusu nyuzi mbili, na mvumo ukapotea kwa sababu nusu moja inafuta kelele ya ingine. Jazz Bass ya 1960 iko na mikro mbili: ukizifungua sawasawa, kimya, ukipunguza moja, mvumo unarudi. Kwa sisi tunaopiga na jenereta inanguruma nyuma ya nyumba, hiyo si mambo madogo, na wanaosifu zamani hawaisemi kabisa.

Sasa tuende kwa James Jamerson, kwani kila mara jina lake ndilo linaletwa kama ushahidi. Sikiliza « What's Going On » ya Marvin Gaye, 1971. Besi inatembea, inasita, inaruka, na kila noti ni nene na fupi. Watu wanasema: Precision ya 1962, mikro ya zamani! Bon. Lakini wakati Jamerson alianza kuipiga kule Motown, ile gita ilikuwa mupya. Na tena alikuwa na nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, ambazo alijulikana kwa kutozibadilisha. Sponji chini ya kifuniko cha daraja, inayokata mlio. Na kidole kimoja tu cha mkono wa kuume. Ondoa nyuzi na sponji, weka nyuzi mpya zinazong'aa, mikro ileile itakupa sauti ingine kabisa. Mtu anayelipa dolari nyingi kwa mikro « ya Jamerson » na kuacha nyuzi za kupigia slap, amenunua nini?

Mikro ya sasa nayo iko na hadithi yake. Ya zamani, ile pasifu, inasukuma kurandi dhaifu kupitia kabo, na kabo ikiwa ndefu inakula sauti za juu. Kwa hiyo sehemu ya ule « joto » tunaopenda ni sauti iliyopotea njiani! EMG, walioanza Marekani mwaka 1976, waliweka koili ya mizunguko michache na preampu ndogo ndani ya mikro yenyewe, inayokula batri ya volti 9. Kelele inapungua, sauti za juu zinafika nzima. Ni safi. Kwangu mimi inakuwa safi kupita kiasi pale mpigaji anapolegea, kwa sababu kila kosa la kidole linasikika. Lakini siwezi kuilaumu mikro kwa kusema kweli. Na batri ikiisha katikati ya sebene, hakuna sauti, ni hivyo tu.

Leo Fender mwenyewe hakubaki zamani. Aliuza kampuni yake mwaka 1965, na mwaka 1976 Music Man, ambako alishiriki, wakatoa StingRay yenye preampu ndani. Marcus Miller naye alikamata Jazz Bass ya 1977, Roger Sadowsky akaiwekea preampu. Ile sauti yake ambayo vijana wote wanaiga: mikro pasifu, umeme wa kisasa. Sasa tuiweke kambi gani?

Kuko jambo lingine, na hapa nasema kama Mkongomani. Sumaku za mikro za zamani zinaitwa alniko: aluminiamu, nikeli, kobalti. Ile alniko 5 inayotumiwa sana iko na kobalti karibu robo ya uzito wake. Na katika miaka ile ya 50, mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani alikuwa Union Minière du Haut-Katanga. Vita ya Kolwezi ilipotokea mwaka 1978, bei ya kobalti ikapanda sana, na watengenezaji wa spika wakubwa, JBL kati yao, wakaacha alniko na kuhamia sumaku za seramiki. Mikro inahitaji sumaku ndogo tu, donc alniko iliendelea humo mpaka leo. Nimesoma maelezo mengi ya wauzaji juu ya « uchawi wa alniko », wanataja California, wanataja mikono ya wafanyakazi wa zamani waliozungusha waya. Shimo la Katanga halitajwi. Tunauziwa kwa bei ya dhahabu hadithi ambayo mwanzo wake uko kwetu, na sisi wenyewe tunairudia bila kujua.

Ukiniuliza nichague: kwa rumba ya polepole nakamata Precision, koili iliyogawanywa, nyuzi laini, pasifu. Kwa sebene ya mbio, pale besi inapaswa kukata katikati ya gita tatu na ngoma, nachukua aktifu bila aibu. Na wewe mwenye besi ya bei ndogo, kabla ya kukopa: badilisha nyuzi, halafu kamata bisibisi, pandisha mikro kidogo karibu na nyuzi. Kidogo tu, kwani ikikaribia sana sumaku inavuta uzi na noti inapoteza utulivu. Piga, sikiliza, shusha, piga tena. Hiyo kazi haiombi hata dolari moja.