Kughushi au Kutunga? Maoni juu ya Picha za Bibi Kimiko Nishimoto

Lugha ikikosa neno la haki kwa kazi fulani, kazi ile huhukumiwa kwa neno la jirani. Ndivyo ilivyozisibu picha zinazogeuzwa kwa kompyuta. Tukitaka kuzitaja kwa Kiswahili, neno la kwanza litujialo kinywani ni kughushi, neno la hati za uongo na fedha bandia. La pili ni kuchezea, neno la mtoto aliyeshika kitu asichojua thamani yake. Na mtengenezaji akiwa mzee, neno la pili hulishinda la kwanza: husemwa kwamba anajipumbaza tu, na tahakiki hukoma hapo. Makala haya yana nia ya kuonyesha kuwa maneno hayo mawili hayatoshi, na kwamba liko la tatu, la zamani, ambalo latupa jina pamoja na kipimo.

Mfano wetu ni Bibi Kimiko Nishimoto wa Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu, Japani. Alizaliwa Brazil mwaka 1928 kwa wazazi wa Kijapani, akarejea Japani angali mtoto. Alipata kuwa msusi wa nywele, kisha mshindani wa mbio za baiskeli, kisha mke na mama wa watoto watatu. Hakushika kamera kwa kazi ya sanaa mpaka alipofika umri wa miaka 72, alipoingia darasa la upigaji picha lililofundishwa na mwanawe mwenyewe. Baada ya miaka michache alijifunza kuzigeuza picha zake kwa kompyuta. Alifariki mwaka 2025, mwenye umri wa miaka 97, baada ya maonyesho ya peke yake Kumamoto na Tokyo.

Picha zilizompa jina ni zile alizojipiga mwenyewe. Katika moja amevikwa mfuko wa takataka kana kwamba ni kitu cha kutupwa. Katika nyingine anapaa juu ya ufagio. Katika nyingine ameanikwa pamoja na nguo. Baadhi ya mambo hayo yalitendwa mbele ya kamera, kwa mavazi na vifaa. Mengine, kama kuruka hewani, yalikamilishwa katika kompyuta kwa kuunganisha picha na kufuta kisichotakiwa.

Je, huku ni kughushi? Historia yenyewe yajibu. Mwaka 1857, Oscar Rejlander alionyesha huko Manchester picha moja kubwa aliyoiunga kwa negativu zaidi ya 30. Mwaka uliofuata, Henry Peach Robinson aliunga negativu 5 kuonyesha msichana anayekata roho kati ya jamaa zake. Wako waliolaumu, lakini aliyelaumu aliudhika kwa sababu aliamini kwamba amelishuhudia tukio. Linganisha na toleo la Februari 1982 la gazeti la National Geographic, ambalo jaladani mwake piramidi za Giza zilisogezwa karibu kwa kompyuta ili zienee katika ukurasa. Kilichofanywa Giza ni kidogo kuliko alichofanya Rejlander, lakini lawama yake ni nzito zaidi, kwa kuwa gazeti lile huwaahidi wasomaji wake dunia kama ilivyo. Basi ghushi haipimwi kwa wingi wa mageuzi, bali kwa ahadi iliyovunjwa. Bibi wa miaka 80 apaaye kwa ufagio hakumwahidi mtu yeyote kwamba alipaa. Hakuvunja ahadi, hakughushi.

Neno tunalolitafuta ni kutunga. Mtunga ushanga hafanyi shanga. Azikuta zimekwisha fanywa, naye huchagua, hupanga, na kupitisha uzi. Mvuvi hutunga samaki asiowaumba. Na mshairi hutunga kwa maneno ambayo kila mtu anayo. Kutunga, katika asili ya lugha yetu, si kuzua kutoka patupu, bali ni kuvileta pamoja vitu vilivyopo kwa uzi usiokuwapo. Sioni maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo ya picha iliyounganishwa. Wala jambo hili si geni pwani yetu: huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyeishi kati ya mwaka 1932 na 1993, alikata na kuunga picha katika studio yake, bila kompyuta, akawaweka watu ndani ya maua na maumbo ya ajabu. Wateja wake hawakudanganyika. Walijua kwamba wametungwa, na wakalipa kwa sababu hiyo.

Neno hili likikubaliwa, kipimo chafuata: uko wapi uzi? Programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, na nyingine za mfano wake, zimempa kila mtu shanga tele. Hazikumpa mtu uzi. Picha ya mfuko wa takataka ina uzi madhubuti. Mtazamaji hucheka kwanza, kisha kicheko chamgeuka, maana aulizwa: ni nani katika nyumba zetu anayewatupa wazee? Aliyejifunga mfuko ni mzee mwenyewe, kwa hiari yake, na kwa hiyo dhihaka haimwangukii yeye bali yule atazamaye. Kijana angaliifanya picha hiyo hiyo kwa kumtumia bibi wa watu, ingalikuwa matusi. Picha ya ufagio ni nyepesi zaidi: uzi wake ni mzaha mmoja, nao ukishachekwa umekwisha. Mhakiki mwenye haki hana budi kusema hivyo, wala asiuhesabu umri wa mtungaji kuwa ni shanga ya ziada. Sifa itolewayo kwa huruma ni namna nyingine ya ule mfuko.

Yabaki neno kuchezea. Maonyesho yake ya Tokyo aliyaita, kwa lahaja ya kwao, jina lenye maana ya kualika watu wacheze. Wenzetu wengine wangaliona hapo ushahidi kwamba kazi hii ni ya kupitisha wakati. Lakini Kiswahili chapambanua: kuchezea ni jambo moja, na mchezo ni jingine. Mchezo una kanuni, una mchezaji na mtazamaji, na ndilo jina tuipayo tamthilia jukwaani. Bibi Nishimoto ni mchezaji kwa maana hiyo.

Kustaafu nako, katika Kiarabu tulikolitoa, asili yake ni kuomba kuachiliwa na kazi. Mtu huomba kuachiliwa na utumishi. Haombi kuachiliwa na macho yake. Hal Lasko wa Marekani, aliyeishi toka 1915 hata 2014, alikuwa mchoraji wa herufi aliyestaafu. Uzeeni nuru ya macho yake ilipofifia, alichora kwa kompyuta kwa sababu chombo kile kiliweza kumkuzia picha hata akaona nukta moja moja. Kwake yeye kompyuta haikuwa pumbao la mwisho. Ilikuwa njia ya kuendelea na kazi ile ile ya mkono na jicho.

Wazee wetu wanaostaafu leo wanazo simu zenye kamera na zenye uwezo wa kuunganisha picha. Watatunga, tutake tusitake. Tukiwangojea na maneno ghushi na pumbao, tutakuwa tumewafunga mfuko kabla hawajatuonyesha kitu. Tukiwangojea na neno kutunga, tutakuwa na haki ya kuwauliza, kama tumwulizavyo mshairi, uko wapi uzi. Nao watakuwa na haki ya kujibiwa kwa kweli.